Ulaghai katika Minada ya Mtandaoni: Namna Mnunuzi wa Mgori Anavyoweza Kuutambua

Mnada wa mtandaoni ni mauzo ya ushindani ambayo wanunuzi hutaja bei kwa simu au kompyuta, na aliye juu ya wenzake muda unapokwisha ndiye anayechukua bidhaa. Biashara hii ilianza kuenea duniani baada ya Septemba 1995, Pierre Omidyar alipofungua huko California tovuti ya AuctionWeb, ambayo baadaye iliitwa eBay. Mgori, kata ya Wilaya ya Singida yenye msitu mkubwa wa miombo na wakulima wa alizeti, iko mbali na bandari na mbali na Kariakoo, lakini simu imeisogeza. Mkazi wake hukutana na minada ya aina nne. Upo mnada wa forodha unaoendeshwa na Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA, kwa mizigo ambayo wenyewe hawakuitoa. Upo mnada wa magari nchini Japani, unaofikiwa kwa kupitia kampuni ya wakala. Ipo minada ya laivu ya Instagram na TikTok, ambamo muuzaji hunyanyua nguo au simu mbele ya kamera na watazamaji huandika bei. Aina ya nne ni matangazo ya Facebook na makundi ya WhatsApp yanayojiita mnada, na humo ndimo utapeli ulimojaa zaidi.

Mnada si jambo geni Singida. Kwenye mnada wa mifugo mnunuzi humpapasa ng'ombe, humfungua mdomo kutazama meno, humzungusha aone anavyotembea. Mwenye mnyama yupo, na wanaoshindana kwa bei wamesimama upande wa pili wa zizi. Ujanja haukosekani hapo: ng'ombe wa wizi huuzwa, na aliyekonda hunyweshwa maji tele ajaze tumbo. Hata hivyo mambo matatu ni magumu kuyabuni, yaani mnyama, mwenye mnyama na washindani. Mtandaoni yote matatu yanaweza kutengenezwa na mtu mmoja mwenye simu mbili, mahali asipojulikana. Kwa sababu hiyo, uchunguzi wa ofa yoyote hupita kwenye bidhaa, kwa muuzaji na kwa washindani, kisha huishia kwenye jambo la nne lenye uzito kuliko hayo yote: njia ambayo fedha zinapita. Tapeli anaweza kuandika Kiswahili kibovu au akaandika vizuri kuliko wakili. Anaweza kutumia picha za hovyo au picha safi. Kitu kimoja hawezi kukibadilisha: lazima fedha zimfikie kabla mnunuzi hajagusa bidhaa, na zimfikie kwa njia isiyo na mlango wa kurudia.

Kuhusu bidhaa, tahadhari inayotolewa mara nyingi ni kuogopa bei ya chini. Kwenye duka tahadhari hiyo inatosha. Kwenye mnada haitoshi, kwa kuwa mnada halali huanzia chini kwa makusudi ili kuvuta watu. Kipimo bora ni kingine. Mnada wa kweli haujui bei yake ya mwisho kabla haujaisha. Tangazo linalosema kuwa pikipiki za mnada zinapatikana kwa shilingi 600,000 kila moja, ziko ishirini, wahi yako, limejikana lenyewe: bei ikishapangwa na idadi ikishatajwa, hapana ushindani wowote, na neno mnada limewekwa ili kueleza kwa nini kitu cha milioni mbili na ushee kinauzwa kwa robo ya bei. Watu wengi hawalishtukii hili kwa sababu maelezo yenyewe yanaingia akilini. Kila mtu amesikia kwamba vitu vya mnada ni rahisi.

Picha huchunguzwa kwa namna mbili. Ya kwanza ni kuitafuta picha yenyewe mtandaoni kwa programu kama Google Lens, iliyomo kwenye simu nyingi za Android. Picha ya mashine ya kukamua alizeti inayodaiwa kuwa ghalani Singida ikionekana pia kwenye tovuti ya kiwanda cha China na kwenye tangazo la muuzaji wa Kampala, hiyo si mashine ya muuzaji huyo. Ya pili ni kuomba kitu ambacho picha ya kuazima haiwezi kukitoa: video fupi ya siku hiyohiyo ikionyesha injini ikiwashwa, namba ya chasisi ikisomeka, na karatasi yenye jina la mnunuzi ikiwa imewekwa juu ya bidhaa. Muuzaji mwenye mali hukamilisha ombi hilo kwa dakika chache, hata kama atalalamika. Asiye nayo huja na sababu: ghala limefungwa, mlinzi hataki picha, bosi kasafiri. Sababu moja inaweza kuwa ya kweli. Zikifika tatu, hakuna haja ya kusubiri ya nne.

Utambulisho wa muuzaji unahitaji maelezo marefu zaidi, kwa kuwa nchini Tanzania walaghai wa minada hupenda kuvaa joho la Serikali. Ukurasa hufunguliwa ukiwa na nembo ya TRA, picha za magari yaliyopangwa bandarini na namba ya WhatsApp ya mtu anayejiita ofisa wa forodha. Mbinu hiyo ina nguvu kwa sababu mnada wa forodha upo kweli. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inaruhusu mizigo iliyotelekezwa inadiwe. Lakini sheria hiyohiyo ndiyo inayomuumbua mlaghai. Mzigo uliowekwa kwenye ghala la forodha usipotolewa ndani ya siku 30, kunatolewa tangazo kwa umma, na mwenye mzigo hupewa siku nyingine 30 kabla haujahesabiwa kuwa umetelekezwa na unaweza kuuzwa kwa mnada wa hadhara. Jambo linalopita kwenye miezi miwili na tangazo la wazi haliwezi kuwa siri ya ofisa mmoja, wala haliwezi kuwa ofa ya leo hadi saa kumi jioni. Mnada wa Serikali unaofanywa kwa kunong'onezana kwenye WhatsApp ni kinyume cha mnada.

Kuna alama nyingine mbili za Serikali ambazo ni vigumu kughushi. Moja ni anwani ya tovuti. Anwani zinazoishia na go.tz hupewa taasisi za umma tu, na kinachopaswa kusomwa ni mwisho wa jina, si mwanzo. Anwani inayoanza na herufi tra na kuishia na com, online au shop haina uhusiano na mamlaka hiyo, hata ikiwa na nembo inayong'aa. Kufuli ndogo inayoonekana kwenye kivinjari nayo isimpumbaze mtu: inaonyesha kwamba mawasiliano kati ya simu na tovuti yamefichwa wasiyasome wengine, haisemi lolote kuhusu uaminifu wa mwenye tovuti. Tovuti ya tapeli huwa na kufuli vilevile.

Alama ya pili ni kumbukumbu namba ya malipo, ambayo wengi huiita kontroo namba. Malipo kwa taasisi za Serikali hupitia mfumo wa pamoja wa kielektroniki unaojulikana kama GePG, na namba hiyo inapoingizwa kwenye huduma ya fedha ya simu au benki, mlipaji huonyeshwa malipo ni ya nani na ni kiasi gani kabla ya kuweka namba ya siri. Ofisa anayeomba fedha za mnada wa Serikali ziingie kwenye laini yake binafsi, kwa madai kwamba mfumo uko chini au kwamba ataharakisha mambo kwa ndani, ama si ofisa, ama ni ofisa anayetenda kosa. Kwa mnunuzi tofauti hiyo haina faida, kwani vyovyote iwavyo gari halitapatikana.

Kwa muuzaji binafsi, kampuni inayodai kusajiliwa hutafutwa kwenye mfumo wa mtandaoni wa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, BRELA, na jina linalopatikana hulinganishwa na jina la anayepokea fedha. Ukurasa wa Facebook au Instagram nao una historia: tarehe ulipofunguliwa na majina uliyowahi kutumia huonekana kwenye sehemu ya taarifa zake. Ukurasa uliokuwa wa vichekesho mwezi uliopita na leo unanadi matrekta haukupata matrekta, ulinunuliwa pamoja na wafuasi wake. Maoni ya wateja walioridhika yana thamani ndogo, hasa pale mwenye ukurasa anapofungia maoni mapya na kuacha yale ya zamani ya kumsifu.

Washindani wa bandia ni ulaghai wa hali ya juu kidogo, kwa kuwa hapo bidhaa inaweza kuwapo na ikafika salama, ila bei yake imepandishwa kwa uongo. Muuzaji hutumia akaunti za ziada, au marafiki, kutaja bei wasizokusudia kulipa. Mfano unaojulikana sana ni wa Mei 2000. Mwanasheria wa Marekani, Kenneth Walton, aliweka kwenye eBay mchoro wa rangi kwa bei ya kuanzia ya senti 25 za dola, akijifanya ni mtu asiyejua thamani ya alichonacho. Herufi zilizokuwa kwenye kona ya mchoro ziliwafanya wanunuzi waamini kwamba ni kazi ya Richard Diebenkorn, mchoraji mashuhuri, na bei ikapanda hadi dola 135,805. Ilipogundulika kwamba Walton na wenzake walikuwa wakipandishiana bei kwa majina ya kubuni, eBay ilifuta mauzo, na Walton alikiri makosa mahakamani mwaka 2001. Funzo lililo zito katika kesi hiyo halihusu akaunti bandia pekee. Wanunuzi walidanganyika kwa sababu kila mmoja alidhani yeye ndiye mjanja, na kwamba muuzaji ndiye asiyejua. Tangazo la mjane anayeuza trekta la marehemu mumewe bila kujua bei yake, linalozunguka kwenye makundi ya WhatsApp, limejengwa juu ya udhaifu huohuo.

Sheria ya Mauziano ya Bidhaa ya Tanzania, iliyofuata mkondo wa sheria ya Uingereza, inamkataza muuzaji kujitajia bei kwenye mnada wake, mwenyewe au kwa kumtumia mtu, isipokuwa haki hiyo imetangazwa wazi tangu mwanzo. Mnunuzi aliyetendewa hivyo ana haki ya kuyahesabu mauzo hayo kuwa ya hila. Dalili zake kwenye mnada wa laivu hutambulika kwa mwenye subira: majina yaleyale matatu yanashindana kwa kila bidhaa lakini hayachukui chochote, akaunti zao hazina picha wala historia, na bidhaa iliyotangazwa kuwa imeuzwa jioni inarudi kesho yake. Kinga yake haihitaji utaalamu. Mnunuzi anayeandika kikomo chake kabla mnada haujaanza, na kukiheshimu, hadhuriki sana na wapandishaji bei, kwa sababu mbaya zaidi itakayompata ni kulipa kiasi ambacho alikuwa tayari kukilipa.

Ndugu wa ulaghai huu ni mnada unaolipisha kila tamko la bei. Kampuni ya Swoopo, iliyoanza Ujerumani mwaka 2005 na kufungwa mwaka 2011, iliuza simu na kompyuta kwa bei zilizoonekana kama zawadi, lakini kila aliyetaja bei alikatwa ada, ashinde asishinde. Mamia ya walioshindwa walilipia bidhaa ya mmoja aliyeshinda, na faida ikabaki kwa kampuni. Si kila biashara ya namna hiyo ilihesabiwa kuwa kosa la jinai, ila kwa hesabu ya mnunuzi iko karibu zaidi na bahati nasibu kuliko mnada. Ujumbe wa simu unaomwalika mtu kutaja bei ya pikipiki kwa kukatwa shilingi 500 kila anapotuma jibu ni wa ukoo huo.

Ndipo linapofikiwa suala la fedha. Mtiririko wa kawaida wa ulaghai kwa mnunuzi aliye mbali, kama mtu wa Mgori anayeagiza kutoka Dar es Salaam, huanza na kianzio kidogo. Elfu hamsini ya kuthibitisha nia, huambiwa, ili jina lisiondolewe kwenye orodha. Fedha hizo ndogo hazikuombwa kwa ajili ya thamani yake. Zinampima mtu, na zinamfunga: aliyekwisha kutoa elfu hamsini huona uchungu kuziacha zipotee. Baada ya siku moja huja picha ya mzigo ukiwa umefungwa, pengine na risiti ya basi iendayo Singida, na ombi la fedha za usafiri. Kisha mzigo unakwama: polisi wa barabarani wameushika, stempu haijalipwa, bima inadaiwa. Kila kikwazo kina bei yake, na kila bei ni ndogo kuliko jumla iliyokwisha kutolewa, kiasi kwamba kuacha kunaonekana ni hasara kuliko kuendelea. Mara nyingi ombi huja na maneno ya kawaida kabisa ya Kitanzania, tuma na ya kutolea, kana kwamba ni jamaa anayeomba.

Mpangilio huo una alama inayoonekana mapema kuliko zote. Gharama zinajitokeza moja baada ya nyingine, baada ya malipo. Muuzaji halali wa kampuni ya usafirishaji au wa forodha anaweza kueleza gharama zote kabla, kwa maandishi, kwa kuwa anazijua. Ndiyo kazi yake. Swali moja la mwanzoni, jumla yote hadi bidhaa inakabidhiwa Singida mjini ni kiasi gani, na nini kitaongezeka, linatosha kumbana muuzaji. Jibu likiwa na jumla kamili, ombi lolote la ziada baadaye ni sababu ya kusimama.

Jina linalojitokeza kwenye skrini kabla ya kuthibitisha malipo lisomwe polepole. Likiwa tofauti na la muuzaji, maelezo kwamba ni laini ya mhasibu au ya shemeji hayatoshi. Usajili wa laini kwa alama za vidole umekuwa wa lazima tangu Januari 2020, hivyo kila laini inayofanya kazi ina jina la mtu, ingawa jina hilo laweza kuwa la mtu aliyesajiliwa laini bila kujua. Ndiyo maana wananchi huhimizwa kupiga *106# ili kuona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chao.

Njia salama zaidi kwa mnunuzi aliye mbali ni kuukata umbali wenyewe. Ndugu au rafiki aliyeko jirani na muuzaji aende akaione bidhaa na kulipa hapohapo. Kampuni kadhaa za mabasi na za vifurushi zinaweza kupokea mzigo, na mnunuzi akazipigia ofisi zao moja kwa moja, kwa namba iliyopatikana kwao na si ile iliyoandikwa na muuzaji, kuuliza kama risiti yenye namba hiyo ipo. Kuna pia hila ya mtu wa kati: muuzaji anapendekeza fedha zishikwe na kampuni ya dhamana hadi mzigo ufike, na anatoa anwani ya tovuti yake. Wazo la kushikiza fedha ni jema, na tovuti kubwa za minada zina utaratibu huo ndani ya mfumo wao. Lakini mshika dhamana aliyechaguliwa na muuzaji peke yake ni muuzaji huyohuyo kwa jina lingine.

Ulaghai mmoja huwalenga waliokwisha kushindwa. Mnada unapoisha, aliyekuwa wa pili hupata ujumbe kwamba mshindi amejitoa na bidhaa inaweza kuwa yake kwa bei aliyotaja, mradi alipe nje ya tovuti. Tovuti halali zina utaratibu wa kumpa nafasi wa pili, lakini hufanyika ndani ya akaunti yake, na malipo hubaki humo. Neno nje ndilo linalotenganisha ofa mbili hizo. Akilipa nje, mnunuzi hupoteza kumbukumbu, ulinzi na uwezo wa kulalamika kwa wakati mmoja.

Minada ya magari ya Japani inastahili kutajwa peke yake kwa sababu ya kiasi cha fedha kinachohusika. Minada mikubwa kama ya kampuni ya USS huruhusu wanachama tu kutaja bei, kwa hiyo mtu wa Tanzania hununua kupitia kampuni ya usafirishaji iliyo mwanachama. Kila gari huwa na karatasi ya ukaguzi yenye daraja, kama 4.5 au 3.5, na herufi R huashiria gari lililokarabatiwa baada ya ajali. Karatasi hiyo, pamoja na namba ya chasisi, huombwa kabla ya malipo. Walaghai huanzisha tovuti yenye jina linalofanana na la kampuni maarufu, likiwa limebadilishwa herufi moja, na ankara zao huelekeza fedha kwenye akaunti ya mtu binafsi au ya nchi isiyohusika na biashara hiyo. Akaunti ikibadilishwa katikati ya mazungumzo kwa barua pepe, kampuni ipigiwe kwa namba ya tovuti yake rasmi. Hesabu ya gari haiishii kwenye bei ya mnada: ushuru wa forodha wa asilimia 25, VAT ya asilimia 18, na ushuru wa bidhaa unaotegemea ukubwa wa injini na umri wa gari huongezeka, na TRA ina kikokotoo cha magari yaliyotumika kwenye tovuti yake. Anayeahidi gari kutoka Japani likiwa na kila kodi, kwa bei isiyofika hata hizo kodi, hana gari.

Mfano wa mnada uliojengwa vizuri haupo mbali. Katika mikoa kadhaa ya Tanzania, mazao kama ufuta, mbaazi na dengu huuzwa kupitia Soko la Bidhaa Tanzania, TMX, kwa mfumo wa stakabadhi za ghala. Mkulima anaweza kuwa na lawama zake kuhusu bei na kuchelewa kwa malipo, na lawama hizo husikika wazi. Ila kwa upande wa ulaghai wa mnunuzi, muundo wake una somo: mzigo uko ghalani na uzito wake umeandikwa, mwendesha ghala anajulikana, wanunuzi wamesajiliwa, na bei hutangazwa kwa wote waliohudhuria. Ofa ya WhatsApp ikiwekwa kando ya mnada huo, upungufu wake huonekana bila kuhitaji fundi wa kompyuta.

Aliyekwisha kutuma fedha ana saa chache zenye thamani. Kwanza hupigiwa mtoa huduma ya fedha kwa namba yake rasmi, na kama salio halijatolewa, muamala unaweza kuzuiwa. Namba ya tapeli hutumwa kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, kwa ujumbe wa bure kwenda 15040. Kituo cha polisi hutoa namba ya kumbukumbu ya taarifa, yaani RB, na kesi huhitaji ushahidi: picha za skrini zenye tarehe, ujumbe wa muamala, anwani ya ukurasa na namba zote zilizotumika. Mazungumzo ya WhatsApp yasifutwe kwa hasira au kwa aibu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inauadhibu ulaghai unaofanywa kwa kutumia kompyuta kwa faini isiyopungua shilingi milioni 20, au kifungo kisichopungua miaka saba, au vyote viwili, na kujifanya mtu mwingine ni kosa la pekee chini ya sheria hiyo.

Wiki kadhaa baada ya hasara, aliyetapeliwa anaweza kupigiwa na mtu anayejitambulisha kama mpelelezi, wakili au ofisa wa benki, mwenye habari kamili za muamala uliopotea. Anasema fedha zimepatikana na zitarudishwa mara tu ada ya kuzifungulia itakapolipwa. Habari hizo ni kamili kwa sababu orodha ya waliotapeliwa huuzwa, au kwa sababu anayepiga ndiye aliyezichukua. Polisi hawatozi ada ya kurudisha mali iliyoibwa, na mahakama haipigi simu kuomba fedha zitumwe kwenye laini ya mtu.